Hodi, Halafu Ngoja

Kazi yangu ilikuwa kuwauzia wazee nyumba yao ya mwisho. Nimeandika hivyo makusudi, kwa sababu kule kazini sentensi hiyo ilikuwa mwiko. Brosha zetu zilijaa picha za vikongwe wenye meno yote, wanacheka, maua nyuma yao, na chini maneno ya utulivu na maisha mapya. Hakuna aliyeandika "uzee". Hakuna aliyeandika "mwisho". Lakini kila aliyeingia mlangoni alijua amekuja kuangalia nini, na sisi tulijua kwamba anajua.

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Asanteni sana. Mtu amemaliza kukimbizana na saa, mnampa nyingine aende nayo nyumbani. Ila Furaha, yule binti wa Bukavu anayesafisha ghorofa ya pili, alinishika mkono karibu na lifti akasema, "Mama Eliza, usiende na maneno yote. Utuandikie na siye tunaobaki." Basi naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, Korogwe, kwa hiyo mkikuta koma imekaa pasipo pake, iondoeni wenyewe.

Nilifika Landani mwanzoni mwa miaka ya tisini kumfuata mume wangu. Kazi ya kwanza niliyopata ni usafi, kwenye jengo jipya la matofali mekundu pale Ilford, nyuma ya barabara ya maduka. Fleti za wazee. Si hospitali, wala si zile nyumba ambazo mtu analishwa kwa kijiko. Kila mzee ana fleti yake, jiko lake, choo chake chenye kamba nyekundu ya kuvuta ukianguka. Chini kuna ukumbi wa wote, na kuna mwangalizi tuliyemwita wodeni.

Siku ya kwanza niliona haya kwa niaba yao. Nilipitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye ile korido ndefu, nikahesabu milango iliyofungwa, nikajiuliza watoto wao wako wapi, wamelogwa? Kwetu mzee akiachwa peke yake hata kwa msimu mmoja, ukoo mzima unasemwa kanisani. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Nimepata kazi kwenye ghala la wazazi." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Nusu ya fleti zilikuwa tupu, na mwenye jukumu la kuzijaza alikuwa Noreen. Alikuwa Mwairishi mfupi mwenye miwani myekundu na sauti ya sigara. Kabla ya hapo aliuza viatu dukani, miaka mingi tu, na hakuona tofauti kubwa. "Viatu au nyumba," alisema, "mtu anataka kujua kitu kimoja. Kitamuumiza wapi?"

Mimi nilipandishwa kutoka kwenye ndoo kwa sababu ya goti. Goti la Noreen la kushoto lilikuwa limekufa, na lifti yetu ilikuwa na tabia ya kususa kama mke mwenza. Siku moja ikasusa, na wageni wanataka kuona fleti ya juu. Noreen akaninyang'anya ndoo.

"Esta, lav, wapandishe hawa."

Huku kila mtu ni lav, yaani mpenzi, hata kondakta wa treni, msije mkadhani tulipendana siku hiyo hiyo.

"Niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Waonyeshe choo kwanza."

Nilidhani ananitania. Kumbe hilo ndilo somo la kwanza, na nawapa nyinyi bila malipo. Mzee aliyetoka Croydon kwa treni mbili na basi moja hana haja ya kuona mandhari ya dirishani. Anataka choo, na atakufa kabla hajakiuliza. Ukimwonyesha choo mwanzo, ukasema, "Hiki hapa, na mlango unafunga vizuri, hebu jaribu," kisha ukatoka nje ukamwacha ajaribu, akirudi unaona uso mwingine. Sasa anaweza kutazama nyumba.

Noreen alinifundisha mengine mengi. Tazama miguu kabla ya uso: uso unadanganya, viatu havijui. Kiatu kilichokatwa ubavuni kina kidole kinachouma, kwa hiyo tembea polepole lakini usionekane kwamba unatembea polepole. Toa mkeka mweusi mlangoni, maana macho yaliyofifia yanauona kama shimo, na mtu atasimama pale kizingitini akisingizia kwamba anawaza. Birika la umeme lijazwe nusu, ili mgeni akilishika alinyanyue. Birika lililojaa limetuharibia wateja wengi kuliko bei. Kiti kiwe na mikono. Na usitikise funguo mfukoni unapotembea na mzee. "Askari jela ndiye anayetembea hivyo," alisema Noreen.

Lingine nilijifunza kwa kuungua. Kulikuwa na bwana mmoja, Percy, dereva wa basi mstaafu, mrefu, mkimya, kofia mkononi. Mimi kwa adabu zote za Korogwe nikamkaribisha. Kwetu ningemwita mzee, na lingekuwa taji kichwani. Sasa kwa Kiingereza mzee ni nini? Nikamwambia, "Karibu sana, mwanamume mkongwe."

Percy akageuka akatazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Unasema na mimi?"

Nikajieleza huku jasho linanitoka. Nikamwambia kwetu neno hilo anaitwa hata rais, na anafurahi. Akalifikiria, akanitaka nilitamke kwa Kiswahili. "M-zee," akarudia. "M-zee Percy." Hakusema tena kitu mpaka anaondoka, akauliza swali moja tu: takataka zinachukuliwa siku gani?

Nilimcheka mbele ya Noreen. Mtu anaacha nyumba aliyozalia watoto wake, anauliza takataka? Noreen hakucheka. "Anayeuliza siku ya takataka ameshahamia," alisema. "Mwekee fleti." Na kweli, mwezi uliofuata Percy alikuja na kitanda, viti viwili na rundo la ramani za barabara, akambandikia wodeni karatasi mlangoni kwamba anaitwa Mzee. Mzungu wa kwanza Ilford kupewa uzee na kuupokea.

Nawaambia ukweli, watu wale walinishangaza kila wiki. Mimi nilipohama Korogwe nilikuwa kijana, mwenye meno na magoti, na nililia tangu ndege inaruka mpaka inatua. Hawa wana miaka themanini. Wamekaa nyumba moja tangu vita vya babu zenu, wanasimama katikati ya sebule, wanachagua viti vitatu kati ya vitu vyote walivyowahi kuwa navyo, wanafunga mlango, wanakuja kwetu, wanauliza takataka. Nimewaona wanajeshi wenye medali na nimewaona wainjilisti wa kutoa mapepo. Sijaona ujasiri kama ule wa kuchagua viti vitatu.

Ila nilijidanganya kwamba najua wanachokitaka. Mimi ni mtu wa kwetu, na kwetu dawa ya uzee ni watu. Kwa hiyo niliuza watu. Nikimpitisha mgeni nilimwonyesha ukumbi, mchezo wa bingo, chai ya saa kumi, wodeni anayepita kila asubuhi kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. "Hapa hutakaa peke yako hata kidogo," nilisema, na nilisema kwa moyo wote, kama mtu anayegawa mkate. Wengi waliupokea. Noreen aliridhika.

Ndipo akaja Bi Shirin.

Aliletwa na mwanawe, Karim, mtu mzima mwenye duka la dawa na adabu nzuri. Yeye mwenyewe Bi Shirin alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mdogo kama kifurushi ndani ya koti lililomzidi. Hakuongea. Karim ndiye aliyeongea. Alimwambia Noreen pale mlangoni, tena bila kificho, "Mama ameliona jengo hili tukipita na gari, na sasa kila siku analisema. Nimemleta alione, aridhike, turudi nyumbani. Siwezi kumleta mama yangu akae hapa. Jamaa zetu watasema nimemtupa."

Rohoni nilikuwa upande wake kabisa. Hata hivyo kazi ni kazi, nikawapandisha. Choo kwanza. Kisha jikoni, kisha dirisha. Kisha nikaitoa hotuba yangu: asubuhi tunakuja kukuangalia, mchana chakula na wenzako, jioni bingo, daima kuna mtu. Karim akatabasamu. Bi Shirin akatazama dari, akasema taratibu, akijisemea mwenyewe:

"Basi. Sawasawa na nyumbani tu."

Kwa Kiswahili! Nilishtuka kama niliyeitwa jina la utotoni katikati ya Landani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akageuka. Jibu lilichelewa, likatoka kama nguo iliyokaa chini ya sanduku miaka mingi. "Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Korogwe."

"Korogwe! Mimi Tanga. Tanga mjini, nyuma ya duka." Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe. Ile mlango. Nani na ufunguo?"

Nisiwafiche, lilinichoma. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: lete, funga, ngoja, wapi sukari. Alikipata jikoni kwa watumishi wa mama yake, na watumishi wale wangeweza kuwa shangazi zangu. Nilitaka kumjibu kwa ufupi nimwonyeshe lifti. Lakini alipoendelea kusema nikagundua jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Kwa Kihindi cha kwao alikuwa binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Kwa Kiingereza alikuwa bubu. Kiswahili kile cha kuamrisha ndiyo lugha pekee aliyowahi kutaka kitu kwayo.

"Ufunguo utakuwa nao wewe, mama," nikasema.

"Mimi tu?"

"Na mmoja ofisini, wa dharura."

"Wanaingia bila kuitwa?"

"Wanabisha."

"Wanabisha, halafu?"

Nikakosa pa kuficha uso. Wodeni wetu alikuwa akigonga kwa mkono huu na kufungua kwa ule, vyote kwa pamoja. Sote tulifanya hivyo. "Halafu wanafungua," nikasema.

"Mimi nataka kaa peke yangu," alisema Bi Shirin. Hakulalamika, alikuwa kama anayetaja anachokuja kununua. "Maisha yote watu. Kwa baba watu, kwa bwana watu, kwa mtoto watu. Choo tu ndiyo peke yangu, na choo pia wanagonga. Sijashika ufunguo mimi. Hata moja."

"Anasemaje?" akauliza Karim. Yeye alizaliwa huku, Kiswahili alichobakiziwa kilikuwa chai na twende.

"Anauliza habari za mlango."

"Mlango una nini?"

Bi Shirin akafunga vifungo vya koti. "Twende," akamwambia mwanawe, na hilo alilielewa, akashukuru Mungu wake, wakashuka.

Nilikwenda kwa Noreen nikamweleza yote. Alikuwa anakunywa chai yake nyeusi kama lami. Nilitegemea aseme kwamba wateja wengine ni wendawazimu, na mimi ningekubali, kwa sababu kwetu anayetaka kukaa peke yake anachunguzwa. Badala yake akauliza, "Kwenu mtu anaingiaje kwa mwenzake?"

"Anasimama nje, anaita hodi. Asipojibiwa anaita tena. Ya tatu asipojibiwa, anaondoka zake."

"Hata kama mwenyewe yuko ndani?"

"Hasa kama yuko ndani. Hata kama unaona kandambili zake kizingitini na redio inasema."

"Na kama amekufa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la jengo zima. Wodeni hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu kumkuta mtu siku tatu baadaye. Nikafikiri. "Kwetu tunaangalia moshi," nikasema. "Jiko likifuka asubuhi, mtu yupo."

"Hapa ukiona moshi, Esta, ita zimamoto."

Akaenda dirishani kuwasha sigara. Chini, mleta maziwa alikuwa anashusha kreti zake, chupa zinagongana, kwa sababu wakati huo wazee wengi bado waliletewa maziwa mlangoni kila alfajiri. Noreen akaishusha sigara kabla haijafika mdomoni.

"Maziwa," akasema.

Hivyo tu. Chupa ikiingizwa ndani, mtu yupo, mwache. Chupa ikibaki nje mpaka saa nne, nenda, bisha, ita kwa sauti, ngoja, ita tena, ngoja, mara tatu, na hapo ndipo ufunguo wa ofisi unaruhusiwa kutoka mfukoni. Na siku nyingine zote, kwa jambo lolote lile, hodi halafu ngoja. Asiyeitika haingiliwi. Moshi wa Ilford ukawa maziwa.

Mzee Percy alikubali tuanze kwake, kwa sharti kwamba asipotaka bingo asiulizwe sababu. Wodeni alinuna. Alisema tutaokota maiti. Hatukuokota maiti. Kilichotokea ni kwamba bibi mmoja alininong'oneza kwenye ngazi kwamba ameanza tena kunywa chai na gauni la kulalia mpaka saa tano, jambo ambalo hakuthubutu kulifanya tangu ahamie. Aliniambia kama anayesimulia dhambi tamu. Nikasimama pale na ufagio wangu, mdomo wazi. Kumbe wote hao tulikuwa tunawaamsha na kuwavalisha kwa mlango tu.

Nilitaka Bi Shirin ajue. Lakini utamwambiaje mtu ambaye simu ya nyumbani kwake inapokelewa na mwanawe?

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi ya mvua, mimi niko risepsheni, mlango ukafunguka, akaingia Bi Shirin peke yake, koti limelowa. Noreen akatazama miguu kama kawaida yake, akanigusa kiwiko. Alikuwa na kandambili za bafuni juu ya soksi. Angevaa viatu, wangemwuliza anakwenda wapi, na angeulizwa angerudishwa. Hakuwahi kupanda basi peke yake tangu afike Landani. Amefikaje? Akatoa brosha yetu kifuani, imekunjwa mara nne. Alimwonyesha dereva picha ya jengo iliyokuwa nyuma yake, akakaa kiti cha mbele, akashushwa mlangoni. Kwa miaka yote ile, hiyo ndiyo siku niliyoona brosha ikifanya kazi.

Noreen alimpigia Karim papo hapo kumwambia mama yake yuko salama. Hilo lilikuwa sahihi. Kisha akafungua droo, akachukua ufunguo wa fleti ile ile, akaniambia, "Mpe ashike mwenyewe."

Tukapanda. Njiani nikamweleza habari ya maziwa na hodi. Alisikiliza hodi mpaka mwisho. "Wazungu wanasema hodi?" akauliza. Nikamwambia wanasema kwa Kiingereza, lakini wanangoja. "Tutaona," akasema.

Mlangoni alihangaika na kitasa, nikanyoosha mkono kumsaidia, akanipiga kofi dogo kwenye vidole. "Acha!" Ufunguo ukazunguka. Akaingia. Nikainua mguu nimfuate, na mlango ukafungwa mbele ya pua yangu, kisha nikasikia kitasa kinazunguka kutoka ndani, taratibu, mpaka mwisho.

Mle ndani hakukuwa na hata kigoda.

Tulikuwa bado tumesimama pale, mimi na Noreen na goti lake, Karim alipofika anahema. "Yuko wapi?" Noreen akaonyesha mlango kwa kidevu. "Amejifungia?" akapaza sauti Karim. "Fungua! Ana kisukari, fungua!"

Ufunguo mwingine ulikuwa mkononi mwa Noreen. Nilimwona anautazama. Mtu akiwa na ufunguo na hofu kwa pamoja, mkono wake unakwenda wenyewe. Kama angeufungua ule mlango saa ile, Bi Shirin angerudi nyumbani na mwanawe na asingeomba kitu tena mpaka kaburini. Nililijua hilo, na Noreen alilijua.

"Mwite, Esta," akasema.

Nikabisha. "Hodi."

Kimya. Karim akashika kichwa.

"Hodi, mama."

"Nani?" Sauti ilitoka mbali, upande wa dirishani, haina wasiwasi hata chembe.

"Mimi Esta. Na mwanao yupo."

"Ngoja."

Nikawatafsiria. Noreen akarudisha ufunguo mfukoni, akavuta kiti cha korido, kile chenye mikono, akamkalisha Karim. Tukangoja. Tulisikia nyayo za kandambili zinakwenda jikoni, zinarudi. Bomba la maji likafunguliwa, likafungwa. Nyayo tena. Kisha choo kikavutwa maji.

Karim alifunika mdomo. Kwanza nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu ikawa vyote viwili.

"Anafanya nini mle? Hakuna kitu mle ndani."

"Ndiyo," nikasema.

Akatulia. Akafuta macho, akasema, anautazama ule mlango, "Nyumbani analala chumba kimoja na binti zangu. Wanaingia, wanatoka. Mke wangu anaingia na nguo za kupiga pasi. Mimi naingia. Sijawahi kubisha mlango wa mama yangu. Sikujua kwamba hana." Kisha akaniuliza, "Lile neno ni lipi?"

Nikamfundisha. Akasimama, akanyoosha shati, akabisha kwa kidole kimoja kama mtoto aliyetumwa kwa mwalimu.

"Hodi?"

Bi Shirin akajibu kutoka ndani:

"Bado."

Nimesikia hodi zikiitikiwa tangu nizaliwe. Karibu, pita, nani, subiri. Sijasikia neno likitamkwa kama lile. Alilisema kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya ulimi, anataka ichelewe kuyeyuka. Mwanamke ameishi miaka sabini na zaidi ndipo anapata mahali pa kusemea bado.

Karim akakaa tena kwenye kile kiti bila kuambiwa. Tukangoja mpaka alipotaka mwenyewe. Alipofungua, alitoka, akafunga, akajaribu kitasa kama kimefunga kweli, ufunguo akautia kifuani, pale pale ambapo bibi zetu wote huweka vya thamani. Kwenye lifti Noreen akamwuliza Karim, "Na jamaa zako watasema nini?"

Karim akamtazama mama yake. "Waje waseme," alijibu. "Lakini wabishe kwanza."

Bi Shirin alikaa nasi miaka mingi, mlango kwa mlango na Mzee Percy, ambaye alijifunza hodi na kuitamka kama honi ya basi. Jumapili familia ilikuja na masufuria, wajukuu wamejipanga koridoni wanaita hodi mpaka wodeni anaziba masikio. Siku nyingine aliwaambia bado, na mimi niliyesafisha pale najua hakuwa na la kumchelewesha. Alifanya nini peke yake? Sijui. Hakuwa na televisheni ya kutajika, hasomi, hashoni. Mara moja tu nilimwuliza. "Nakaa," alisema. Mimi niliyekuja pale nikidhani ni ghala la wazazi, nililipokea neno hilo kama ubatizo.

Noreen alistaafu kabla yangu, goti likamshinda, na tangu hapo wageni nikawapitisha mimi. Sikusema tena hutakaa peke yako. Nilisema: hapa ukitaka watu wapo, usipowataka wanangoja nje. Nilimpa kila mgeni ufunguo, nikatoka, nikamwacha ajifungie. Wengine walitoka mara moja. Wengine walikaa mle mpaka chai yangu ikapoa mara mbili, na wakitoka macho yamebadilika, nikajua takataka ndiyo swali linalofuata.

Asubuhi moja saa nne ilipita na maziwa ya Bi Shirin yako nje. Nilibisha. Hodi. Nikangoja. Hodi, mama. Nikangoja. Hodi. Kisha nikaita ya nne, ambayo haimo kwenye sheria, kwa sababu nilitaka sana kusikia bado. Ndipo nikatia ufunguo wa ofisi. Alikuwa kitandani, ubavu wa kulia, amejifunika vizuri, na ufunguo wake ndani ya foronya. Mzee Percy alisimama koridoni kofia mkononi, hakuvuka kizingiti.

Ufunguo ule ulipaswa kurudi ofisini. Ulipotea. Sijui ulipotelea wapi, na Karim naye ukimwuliza hajui.

Siku hizi hakuna maziwa ya mlangoni, kuna vifungo vya kubonyeza na taa za kijani, na nyinyi mnazijua kuliko mimi. Sawa. Taa iwake, lakini mkono wako ukiwa kwenye kitasa cha mtu, kumbuka ni kitasa chake.

Mimi sasa nakaa kwa Eliza, binti yangu. Amenipa chumba cha nyuma, kizuri, kina jua. Mwezi wa kwanza nilimwomba fundi aweke kitasa, Eliza akaudhika siku mbili, yakapita. Mjukuu wangu Neema, huyo anayesoma chuo, mwerevu kuliko ukoo mzima nisiogope kusema, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza kutoka asubuhi mpaka jioni. Neno moja tu nimemfundisha na analisema vizuri. Hivi ninavyoandika amesimama nje, nasikia sahani ya chapati inagonga mlango kidogo.

"Hodi, Bibi."

Nimemsikia. Chapati nazipenda. Sina ninachofanya, kalamu nimeshaiweka chini mara mbili.

"Bado," namwambia.